Mgeni Apewe Kazi: Kanisa na Majirani Kando ya Ziwa Mweru

Nchelenge, mkoani Luapula kaskazini mwa Zambia, wageni si jambo jipya. Ng'ambo ya Ziwa Mweru ni Kongo, na mitumbwi huvuka na samaki, bidhaa na ndugu. David Livingstone alipofika kwa Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda, mwaka 1867, aliwakuta huko wafanyabiashara kutoka pwani ya Waswahili wakiwa wenyeji tayari. Wenyeji wa hapa, Washila, Wabwile na Walunda, wameishi na watu wa mbali tangu enzi hizo, nayo makanisa ya ufuoni yana mengi ya kujifunza katika desturi zao.

Mgeni akifika nyumbani, mwenyeji hujishusha, hupiga makofi taratibu kwa heshima na kumwambia, "Mwaiseni," yaani karibu. Kijana huja na maji, huinama na kummiminia mikononi, mgeni akitangulia kunawa. Kisha huletwa ubwali, yaani ugali, wa muhogo na samaki, au kisamvu, watu wakamega sahani moja.

Kanisani mara nyingi mambo huwa mepesi mno. Wageni huombwa wasimame, hutaja majina yao, hupigiwa makofi, na ibada ikiisha kila mtu hushika njia yake. Jirani hawezi kujiona wa nyumbani kwa makofi hayo peke yake.

Ndiyo maana jumuiya ndogo ndogo zina thamani kubwa. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, wa Zambia wakiwemo, walizipa kipaumbele mkutanoni Nairobi mwaka 1976. Jumuiya ya nyumba chache hujua nani amehamia, nani amelazwa hospitali ya St. Paul's pale Kashikishi, nani amefiwa. Msibani wanaume hukesha nje kando ya moto, wanawake ndani pamoja na wafiwa. Jirani wa dhehebu lingine, au asiye na dini, akiona waumini wamekesha kwake, wamemchotea maji na kumpikia, amekwisha kukaribishwa hata kabla ya kualikwa ibadani.

Ukaribisho hutaka pia kujua ratiba ya ziwa. Wavuvi wa chisense, dagaa wa Mweru, hutoka usiku na taa na kurudi alfajiri. Asubuhi samaki hutandazwa juani, na akina mama huwageuza wakauke kabla mawingu hayajakusanyika. Ibada ya saa tatu humkuta baba usingizini na mama kwenye kichanja. Kanisa linalowapenda watu hawa litawafuata kambini jioni kwa sala fupi. Na uvuvi unapofungwa, kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, litakumbuka kwamba nyumba ya mvuvi imepungukiwa fedha, na litapeleka unga.

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka 2017, vita vya mikoa ya Tanganyika na Haut-Katanga, huko Kongo, vilipowasukuma maelfu ya Wakongo kuvuka mpaka. Walipokewa kwanza katika kituo cha Kenani, na Januari 2018 makazi ya Mantapala yakafunguliwa katika wilaya hii hii ya Nchelenge. Wengi walikuja na Kiswahili chao, na pia na ujuzi wao wa kulima, kushona na kuimba. Watu wa namna hii wakipewa blanketi na kiti cha nyuma tu, watabaki wageni miaka yote.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi husikia humo karipio kwa mvivu. Mimi nasikia heshima: anayepewa jembe amekubaliwa kuwa mtu wa nyumba. Kwa hiyo aliyetoka Pweto, kule Kongo, na aimbishe kwaya wimbo wa Kiswahili, na wenyeji wajifunze maneno yake. Mama aliyefika juzi na awemo miongoni mwa wapishi wa msibani. Fundi na akabidhiwe paa la kanisa linalovuja. Mzee wa kanisa akitaka kujua kama usharika wake hukaribisha, ahesabu wageni wa mwaka jana ambao leo wana zamu.