Programu za Kusimamia Miradi: Gharama Haziishii Kwenye Leseni

Na Mwandishi Wetu

Tarehe 15 Februari, 2024 kampuni ya Atlassian ya Australia ilihitimisha msaada wa kiufundi kwa matoleo ya Server ya programu zake, ikiwemo Jira, ambayo taasisi nyingi duniani huitumia kugawa kazi, kufuatilia hatua za miradi na kutunza kumbukumbu za maamuzi. Siku iliyofuata programu hizo ziliendelea kufanya kazi kama kawaida. Kilichokoma ni jambo lisiloonekana kwa macho: kasoro ya kiusalama ambayo ingegundulika baada ya hapo isingepata tiba kutoka kwa mtengenezaji.

Tukio hilo linafaa kuangaliwa kwa makini na kila taasisi inayosimika programu ya aina hii katika seva zake yenyewe, na pia na mwananchi ambaye fedha yake ya kodi ndiyo inayolipia mifumo ya umma. Swali linaloulizwa mara nyingi wakati wa ununuzi ni bei ya leseni. Swali la nani atakayeihudumia programu hiyo mwaka wa tatu au wa tano huchelewa kuulizwa, na pengine haliulizwi kabisa.

Chini ya utaratibu wa zamani, mnunuzi wa toleo la Server alilipia leseni mara moja na kupata haki ya kuitumia bila ukomo. Bei hiyo ilijumuisha masasisho na msaada wa kiufundi kwa miezi 12. Baada ya hapo, aliyetaka kuendelea kuhudumiwa alilipa kila mwaka takribani nusu ya bei ya leseni. Timu ya watu wasiozidi 10 iliweza kuanza kwa dola 10 za Marekani. Mwezi Oktoba 2020 kampuni ilitangaza kuachana na utaratibu huo, na kuanzia Februari 2021 ikasitisha uuzaji wa leseni mpya. Wateja walibakiwa na njia mbili: kuhamia huduma ya wingu, au kununua toleo la Data Center ambalo hulipiwa kila mwaka na ambalo, kwa upande wa Jira, ngazi yake ya chini ni watumiaji 500. Ofisi ya watu 40 iliyotaka kubaki na seva yake ilijikuta ikitakiwa kulipia viti 460 visivyo na watu wa kuvikalia. Septemba 2025 kampuni ilitangaza kwamba toleo hilo nalo litafikia ukomo tarehe 28 Machi, 2029.

Kwa nini mtengenezaji akimbie biashara ya seva za wateja? Jibu lipo zaidi katika kazi ya kuhudumia kuliko katika kutengeneza programu. Katika huduma ya wingu, wateja wote hutumia toleo moja, katika mitambo ambayo mtoa huduma anaiona na kuirekebisha mwenyewe. Programu iliyosimikwa kwa mteja hukutana na kila aina ya mazingira: mfumo endeshi wa zamani, kanzidata iliyosanidiwa kwa namna ya pekee, ukuta wa usalama unaozuia barua pepe kutoka, au diski iliyojaa bila mtu kufahamu. Mtaalamu wa msaada haioni seva hiyo. Hutegemea maelezo ya simu na faili za kumbukumbu atakazotumiwa, na mara nyingi hugundua kwamba tatizo halikuwa la programu kabisa. Aidha, wateja husasisha kwa kasi tofauti, hivyo matoleo manne au matano huhitaji kuhudumiwa kwa wakati mmoja. Saa hizo za kazi ndizo zinazoliwa na bei ya mara moja. Kampuni changa za vijana wetu zinazouza programu kwa mtindo wa “lipa mara moja” zinapaswa kulijua hilo mapema, kwani leseni huingiza fedha siku moja lakini simu za mteja hazina mwisho.

Tuchukue mfano wa kubuni ili kuona hesabu inavyokwenda. Taasisi ina watumiaji 60, na huduma ya wingu inatoza shilingi 20,000 kwa kila mtumiaji kwa mwezi. Kwa mwaka hiyo ni shilingi 14,400,000. Taasisi hiyo ikiamua kusimika programu huria isiyo na ada ya leseni, itahitaji seva ya shilingi 15,000,000 itakayodumu miaka 5, yaani shilingi 3,000,000 kwa mwaka. Mkataba wa msaada wa kiufundi ni shilingi 5,000,000. Robo ya muda wa Afisa TEHAMA anayelipwa shilingi 1,200,000 kwa mwezi ni shilingi 3,600,000 kwa mwaka, na umeme wa akiba pamoja na diski za nakala rudufu ni shilingi 1,500,000. Jumla ni shilingi 13,100,000.

Tofauti ni ndogo kuliko neno “bure” linavyodokeza. Hata hivyo, watumiaji wakifika 200, huduma ya wingu itapanda hadi shilingi 48,000,000 wakati gharama za seva zitaongezeka kidogo tu. Wakiwa 15, wingu litagharimu shilingi 3,600,000, na kumiliki seva kutakuwa anasa. Kinachosahaulika zaidi katika hesabu za namna hii ni ile robo ya muda wa mtumishi, kwa sababu mshahara wake tayari unalipwa na hauonekani katika hati ya madai.

Usalama nao una sura mbili. Mwezi Juni 2022, na tena Oktoba 2023, udhaifu mkubwa uligunduliwa katika Confluence, programu nyingine ya Atlassian, na wadukuzi wakautumia kuingia katika seva za wateja. Waliokuwa katika wingu la kampuni hawakuguswa. Wenye seva zao walitakiwa kusasisha mara moja, na asiye na mtaalamu wa kufanya hivyo alibaki wazi. Lakini Aprili 2022 ilikuwa zamu ya wateja wa wingu. Kazi ya matengenezo iliyokosewa ilifuta mazingira ya wateja 775 wa kampuni hiyo hiyo, na baadhi yao walikaa hadi siku 14 bila huduma. Wenye seva zao siku hizo walifanya kazi kama kawaida.

Njia ya tatu ni programu huria, ambazo chanzo chake kiko wazi. Redmine, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2006, hupatikana bila malipo na hutegemea jumuiya ya wachangiaji. OpenProject ya Ujerumani ina toleo la jumuiya lisilo na ada, na pia toleo la kulipia kwa idadi ya watumiaji, ambalo huambatana na msaada wa kitaalamu hata linaposimikwa katika seva ya mteja. Serikali ya Shirikisho la Ujerumani imeijumuisha OpenProject katika openDesk, mkusanyiko wa programu huria kwa ajili ya ofisi za umma. Faida kubwa hapa ni kwamba mtengenezaji akibadili sera, kampuni nyingine inaweza kuendelea kuihudumia programu ileile.

Hapa nchini, Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 imeipa Mamlaka ya Serikali Mtandao jukumu la kuratibu na kusimamia mifumo ya TEHAMA katika taasisi za umma, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeweka masharti ya kusafirisha taarifa binafsi nje ya nchi. Mradi wa barabara unaotunza majina na malipo ya fidia ya wananchi ndani ya programu ya kusimamia miradi unaguswa moja kwa moja na masharti hayo.

Kwa anayeandaa hati za zabuni, mambo machache yanastahili kuandikwa bila utata: toleo litahudumiwa hadi tarehe ipi, masasisho ya usalama yatatolewa ndani ya siku ngapi, mzabuni atajibu ndani ya saa ngapi, na ongezeko la ada kwa mwaka lisizidi kiwango gani. Nakala rudufu ijaribiwe kwa kurejeshwa katika seva nyingine, kwa sababu nakala isiyowahi kurejeshwa haijulikani kama ni nzima. Mkataba ueleze pia data itatolewa katika muundo gani siku taasisi itakapohama. Kwa taasisi zinazotumia Data Center, siku hiyo imo ndani ya mwaka wa fedha 2028/29, ambao bajeti yake itapitishwa kabla ya tarehe 1 Julai, 2028.