Kutishia kuua: Shitaka dogo linaloweza kumrudisha gerezani mfungwa wa Parole

MFUNGWA aliyeachiwa kwa mpango wa Parole hajamaliza adhabu yake. Anaitumikia akiwa nje ya gereza. Ndiyo maana shitaka la kutishia kuua kwa maneno, ambalo wengi huliona dogo, kwake huwa zito.

Mpango huo uliletwa na Sheria ya Bodi za Parole ya mwaka 1994 na kuanza kutekelezwa mwaka 1999. Tangu marekebisho ya mwaka 2002, unamhusu mfungwa mwenye kifungo cha miaka 4 au zaidi, aliyekwishatumikia theluthi moja na kuonyesha mwenendo mwema. Wenye vifungo vya maisha na waliohukumiwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha ni miongoni mwa wasiohusika.

Chukulia mkazi wa Buganguzi, wilayani Muleba, aliyehukumiwa miaka 9 na kuachiwa baada ya minne. Anarejea kijijini na kukuta mpaka wa kibanja chake cha migomba na kahawa umesogezwa. Yanazuka majibizano, anamtamkia jirani yake kuwa atamuua, na jirani anakwenda polisi.

Kwa mujibu wa Kanuni ya Adhabu, kutishia kumdhuru au kumuua mtu kwa nia ya kumtia hofu au kumuudhi ni kosa. Adhabu yake ni kifungo cha hadi mwaka 1, au miaka 2 iwapo limetendwa usiku. Upande wa mashitaka ndio unaowajibika kuthibitisha, pasipo shaka yoyote ya msingi, kwamba maneno hayo yalitamkwa na kwamba nia hiyo ilikuwapo.

Kikwazo cha kwanza ni dhamana. Kwa kawaida kosa hilo lina dhamana. Hata hivyo, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inaizuia mahakama kumpa dhamana mshitakiwa aliyewahi kuhukumiwa kifungo kinachozidi miaka 3. Mkazi huyo, mwenye hukumu ya miaka 9, anaingia katika katazo hilo na anaweza kuisubiri hukumu akiwa mahabusu.

Kikwazo cha pili ni Parole yenyewe. Mfungwa huachiwa kwa masharti, na akiyavunja Parole yake inaweza kufutwa, arudishwe gerezani kutumikia sehemu ya kifungo iliyosalia. Hivyo, kosa lenye adhabu ya mwaka 1 linaweza kumgharimu miaka kadhaa.

Hayo hayamwondolei jirani haki ya kulindwa. Aliyetishiwa hana wajibu wa kusubiri hadi adhuriwe ndipo atoe taarifa.

Kwa mgogoro wa mpaka, njia iliyo salama ni kuufikisha katika Baraza la Ardhi la Kijiji, chombo cha usuluhishi kilichowekwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Huko mwenye kibanja anaweza kudai haki yake bila kuuhatarisha uhuru wake.