Jackson: fundi wa kamera asiyeiacha brashi

Kwanza ni kioo. Kinasuguliwa mpaka kisibaki hata alama ya kidole, kinamiminiwa kolodioni, kinainamishwa huku na huku ili dawa itandae, kisha kinatumbukizwa ndani ya maji ya nitrati ya fedha. Kuanzia hapo mpigapicha ana dakika chache tu. Dawa ikikauka, kazi imeharibika. Basi atoke mbio na kioo kibichi, akipachike kwenye kamera, afungue lenzi, ahesabu, afunge, arudi mbio kwenye hema lake la giza, akikuze na kukiosha humo.

Sasa fikiria kuyafanya hayo juu ya mlima, karibu mita 4,000 kutoka usawa wa bahari, ambako maji hakuna mpaka theluji ikubali kuyeyuka. Ndiko alikokuwa William Henry Jackson asubuhi ya tarehe 24 Agosti 1873, katika milima ya Colorado. Jana yake ukungu ulikuwa umemfungia njia, akalala huko huko juu na wenzake, njaa ikiwauma na baridi ikiwatafuna. Kulipokucha jua likatoka, na ng'ambo ya bonde ukajitokeza mlima wenye nyufa zilizojaa theluji, zimepitana kama msalaba. Wamarekani walikuwa wakiusimulia mlima huo bila kuwa na ushahidi. Jackson akawaletea, na picha ikaenea nchi nzima, ikatundikwa sebuleni kwa watu ambao hawakuwahi kukanyaga Magharibi.

Lakini uitazame vizuri. Katika nakala nyingi zilizouzwa, mkono mmoja wa msalaba umenyooka kuliko theluji yenyewe ilivyojipanga. Brashi imepita pale juu ya negativu.

Mimi simwiti mwongo kwa hilo. Namwita mchoraji. Alizaliwa mwaka 1843 Keeseville, jimbo la New York, na mama yake, Harriet, alikuwa hodari wa rangi za maji. Akiwa kijana wa miaka 15 aliajiriwa katika studio ya picha mjini Troy, na kazi yake haikuwa kupiga picha bali kuzirembesha: kutia wekundu shavuni, kukaza nyusi, kuficha kasoro. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipomchukua mwaka 1862, alikwenda na daftari la michoro na kuchora maisha ya kambini. Kwa hiyo kamera ilimkuta jicho lake limeshafundwa na brashi, na halikubadilika.

Magharibi alifikishwa na mapenzi yaliyovunjika. Mwaka 1866 uchumba wake huko Vermont uliingia doa, akafunga safari, na mfuko ulipomwishia akajiandikisha Nebraska City kuswaga maksai wa msafara wa mizigo uliokuwa ukielekea kwenye migodi ya Montana. Hakufika Montana, aliachana na msafara njiani, akapitia Salt Lake City hadi California, kisha akarudi mashariki akiswaga kundi la farasi. Mwaka 1867 alitia nanga Omaha, akafungua studio na ndugu yake. Reli ya Union Pacific ilikuwa inasonga, na mwaka 1869 aliifuata akiipiga picha.

Profesa Ferdinand Hayden, mjiolojia wa serikali, alimwona huko. Mwaka 1870 alimchukua kwenye msafara wake wa upimaji, bila mshahara, ila posho ya matumizi tu. Mwaka uliofuata wakaingia Yellowstone. Alikuwepo pia mchoraji Thomas Moran, na wawili hao wakawa kama pacha: mmoja akichagua mahali pa kusimama, mwingine yuko begani kwake. Vifaa vilibebwa na nyumbu wa mizigo, wale chotara wa punda na farasi. Kwenye chemchemi za Mammoth, Jackson aligundua kwamba maji ya moto yalikausha vioo vyake haraka, akayatumia kuvioshea. Naipenda sana habari hii: ile ile ajabu aliyoipiga picha ndiyo iliyomsaidia kuitengeneza picha.

Hayden alizipeleka picha hizo Washington. Wabunge ambao kwa miaka mingi walizichukulia habari za maji yanayoruka kutoka ardhini kuwa porojo za wawinda ngozi walizikuta mezani kwao. Tarehe 1 Machi 1872 Rais Ulysses Grant alitia saini sheria iliyoifanya Yellowstone kuwa hifadhi ya taifa, ya kwanza ya namna hiyo. Mwaka huo huo Bunge lilinunua mchoro mkubwa wa Moran wa korongo la Yellowstone kwa dola 10,000. Wapo wanaosema kampuni nyingine ya reli ndiyo iliyosukuma mambo kwa siri, na kweli ilikuwa na maslahi yake. Hata hivyo, bila picha hoja ingebaki maneno matupu.

Katika picha hizo mna mabwawa, mvuke, maporomoko, na mara moja moja mtu wa msafara aliyesimamishwa kando ili ujue ukubwa wa jabali. Wenyeji karibu hawaonekani. Watukudika, Washoshone wa milimani waliowinda kondoo mwitu, walikuwa wakiishi humo. Baada ya miaka michache wakaondolewa. Msomaji anayejua namna Wamaasai walivyotolewa Serengeti mwaka 1959 hahitaji kufafanuliwa zaidi. Jackson hakuitunga sera hiyo, ila picha zake ziliwazoesha watu kuiona ardhi kana kwamba haina mwenyewe.

Na si kwamba hakuwapiga picha wenyeji. Alikwenda kwa Wapawnee na Waomaha alipokuwa bado na studio yake ya Omaha, na mwaka 1877 alichapisha orodha ya zaidi ya picha 1,000 za makabila ya Marekani. Lakini alikuwa amewatenga: watu katika orodha yao, mandhari katika albamu yake. Mwaka 1874, katika kambi ya Los Pinos, Ouray, kiongozi wa Waute, alikaa kupigwa picha pamoja na mkewe Chipeta. Wengine kambini hapo walikataa, wakamzuia asifanye kazi. Walikuwa na sababu ya kutomwamini mtu anayezunguka na wapima ardhi.

Mwaka 1877 alijaribu filamu mpya ya karatasi isiyohitaji hema wala maji, akaenda nayo New Mexico hadi magofu ya Chaco. Alipiga picha zipatazo 400. Alipofika nyumbani kuzisafisha, haikutoka hata moja.

Baadaye akawa mfanyabiashara: studio ya Denver, kazi za makampuni ya reli, safari ya kuzunguka dunia kati ya 1894 na 1896, kisha ubia katika kampuni ya Detroit iliyochapisha kadi za posta kwa mamilioni. Negativu zake nyeusi na nyeupe zilitiwa rangi huko na mafundi ambao hawakuwahi kuyaona mabonde yenyewe. Kampuni ilifilisika mwaka 1924.

Alikuwa na miaka 81, na wengi tungeona hapo ni mwisho. Yeye alichukua tena rangi za maji. Alichora takriban picha 100 za historia ya Magharibi, zikiwemo za njia ya Oregon, za mikokoteni, mito na ngome, akaandika kumbukumbu zake, na mwaka 1936 alihudhuria uzinduzi wa jumba la makumbusho Scotts Bluff, Nebraska, mahali alipopita na maksai miaka 70 nyuma. Makumbusho hayo ndiyo yenye mkusanyiko mkubwa kuliko wote wa michoro yake. Alifariki New York mwaka 1942, akiwa na miaka 99, akazikwa Arlington na askari wenzake.

Kati ya michoro hiyo umo mmoja wa mkutano wa wawinda ngozi wa mwaka 1837: mahema, farasi, vumbi, wingi wa watu, Wazungu na wenyeji wamechanganyika. Ni rahisi kuutazama kana kwamba ni ushahidi wa macho. Ulichorwa na mtu aliyezaliwa miaka 6 baada ya mkutano huo.