Je, Wajua Programu Huria Hujaribiwaje kwa Prosesa Adimu?

Ujumuishaji endelevu ni utaratibu wa kuijaribu programu ya kompyuta kila inapoguswa. Mwandishi akibadilisha hata mstari mmoja, seva huijenga programu upya na kuipitisha kwenye majaribio yote, ili hitilafu ijulikane kabla haijawafikia watumiaji.

Seva nyingi za kazi hii hutumia prosesa za x86, za Intel na AMD. Watumiaji wana za aina nyingine pia. Karibu simu zote za Android, zikiwemo zinazouzwa madukani Lushoto, Tanzania, zina prosesa za ARM. Mashine kubwa za IBM zinazotumiwa na mabenki zina s390x. Na RISC-V, iliyoanzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 2010, inazidi kuenea.

Kufaulu kwenye aina moja si kufaulu kwenye nyingine. Kabichi inayofunga vizuri Lushoto, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, haifungi vilevile kwenye joto la Mombo, chini ya mlima. Prosesa nazo zina hali zao. Katika lugha ya C, herufi hukaa kwenye baiti moja. Kwenye Linux ya x86 baiti hiyo huhesabiwa kuanzia -128 hadi 127. Kwenye Linux ya ARM, kuanzia 0 hadi 255. Faili linapokwisha, programu hupewa -1. Namba hiyo ikihifadhiwa kwenye baiti ya herufi, kwenye ARM hugeuka 255, na programu huzunguka bila kikomo ikingoja -1 isiyokuja. Vilevile namba 258 huchukua baiti mbili, 1 na 2. Mashine ya s390x hutanguliza 1, x86 hutanguliza 2. Asiyezingatia mpangilio huo huisoma 513.

Njia za kujaribu ni tatu. Ya kwanza ni kuijenga programu kwa ajili ya prosesa ngeni juu ya x86. Ni ya haraka, ila huonyesha tu kwamba programu inajengeka. Ya pili ni kuiga prosesa kwa programu ya QEMU, iliyobuniwa na Fabrice Bellard mwaka 2003. Hitilafu zote mbili zilizotajwa hunaswa, lakini kazi huenda polepole sana. Ya tatu ni mashine halisi. Huduma ya ujumuishaji ya Travis CI ilianza kutoa za ARM mwaka 2019, na GitHub ikazifungulia miradi ya wazi bila malipo Januari 2025. Kwa prosesa adimu zaidi, shamba la mashine lililoanzishwa kwa ajili ya GCC, programu ya kujengea programu nyingine, huwapa waandishi wa programu huria akaunti za kuingilia kutoka mbali.

Kwa kuwa kila njia ina gharama yake, miradi huweza kuzigawa: majaribio ya x86 na ujenzi kwa ajili ya prosesa ngeni kwa kila badiliko, mwigo usiku, na mashine halisi kabla ya kutoa toleo jipya.