Msitu Uliochorwa juu ya Gome

Mtu asafiriye kutoka Butembo kwenda kaskazini huona nchi ikibadilika mbele ya macho yake. Butembo iko juu, karibu meta 1,800 toka usawa wa bahari, na vilima vyake vimevaa mikaratusi iliyopandwa kwa mikono ya watu. Akishuka hadi Beni, joto huzidi; na akiisha kupita Oicha na kufika Eringeti, msitu mkubwa wa Ituri humkaribia kuume na kushoto. Huko ndiko kwao Wambuti. Wengi wetu twawajua kwa kuwa huleta nyama na asali na kupata kwetu ndizi na muhogo. Na tuseme kweli, wengi wetu twawadharau. Twasema ni watu wasio na mali, wasio na shule, wasio na ufundi. Juu ya neno hilo la tatu nataka kusema leo, kwa maana si la kweli.

Tazameni nguo yao ya gome, waiitayo murumba. Mwanamume huchagua mti wa jamii ya mitini, huuambua gome lake, huondoa sehemu ya nje iliyo ngumu na kubaki na utando wa ndani. Utando huo huloweshwa, kisha huwekwa juu ya gogo na kupigwapigwa kwa nyundo ndogo. Zamani nyundo hiyo ilikuwa ya pembe ya ndovu, nayo ilichanjwa mistari usoni. Hupiga pasipo haraka, hata utando uwe mpana na laini. Mgeni akisikia mlio huo kwa mbali hudhani ni kigong’ota anayetoboa mti.

Kazi ya mwanamume huishia hapo. Kuchora ni kazi ya akina mama. Rangi nyeusi hupatikana katika matunda ya mti uitwao gardenia, maji yake yakichanganywa na makaa yaliyosagwa. Nyekundu hutoka katika miti na mizizi. Mama huketi chini, nguo iko magotini, na kwa kidole au kijiti huanza: mstari mwembamba, kisha mwingine unaoukata ule wa kwanza, kisha vidoto, kisha kitu kama nyuzi za buibui au mabaka ya chui. Michoro ya namna hiyo huchorwa hata mwilini siku za ngoma. Na mtoto mchanga hufungwa katika nguo ya gome, hata kabla hajaujua uso wa babaye amekwisha kuguswa na mti.

Lakini neno linalowashangaza wageni ni hili. Mistari huenda sawasawa, mara hukatika. Sehemu moja imejaa, nyingine imeachwa tupu kabisa. Mtu wa mjini husema mama huyu amechoka, au rangi ilimwishia. Mimi nasema sivyo. Aliyewahi kulala msituni anajua namna sauti za wadudu na ndege zinavyojaa ghafula, na namna zinavyonyamaza zote pamoja, hata mtu akasikia moyo wake mwenyewe ukipiga. Ndivyo zilivyo hata nyimbo za Wambuti: kila mmoja huingia kwa sauti yake, huiacha, mwenzake huipokea, na hakuna aimbaye wimbo mzima peke yake. Pale patupu juu ya nguo mimi naona kimya kile.

Na nyimbo hizo huimbiwa nani? Habari hii ilielezwa vizuri na Mwingereza Colin Turnbull, aliyekaa na Wambuti wa Epulu, upande wa Mambasa, katika miaka ya 1950, na kutoa kitabu chake mwaka 1961. Aliambiwa na wazee ya kuwa msitu ndio baba na mama yao, kwa sababu huwapa chakula, nguo, nyumba na joto. Basi mambo yakiharibika, mawindo yakikosekana au mtu akifa, maana yake msitu umelala na haukuwaona watoto wake. Huuimbia usiku baada ya usiku, pengine mwezi mzima na zaidi, wapate kuuamsha. Na tarumbeta ndefu iitwayo molimo huitika kutoka gizani, mara kama chui, mara kama ndovu.

Turnbull alitazamia kuona chombo cha ajabu kilichochongwa na mababu. Akaonyeshwa bomba la chuma, la namna inayotumiwa na watengenezaji wa barabara! Alipowauliza, wazee hawakuona haya hata kidogo. Sauti yake ni nzuri, na chuma hakiozi kama mti. Chombo kimetengenezwa na nini, yahusu nini? Natamani jibu hilo lisomwe na wale wanaodhani kwamba sanaa ya Kiafrika ni kitu cha kuwekwa ndani ya kioo, kisiguswe.

Katika kitabu hicho yumo kijana aitwaye Kenge. Usiku mmoja wa mbalamwezi Turnbull alimkuta akicheza ngoma peke yake uwanjani. Akamwuliza mbona acheza peke yake. Kenge akamshangaa kwa kutoelewa: hakuwa peke yake, alikuwa akicheza na msitu na mwezi.

Huenda mmoja wenu anauliza, je, huko si kuabudu miti? Ni swali la haki, nalo lina jibu lake. Mtakatifu Fransisko wa Asizi aliliita jua ndugu na nchi dada na mama, wala Kanisa halikumhesabu kuwa mpagani; Papa Fransisko alitwaa jina la waraka wake Laudato Si’, wa mwaka 2015, kutoka katika utenzi uo huo. Na Kenge mwenyewe alisema neno lililo wazi zaidi. Turnbull alimchukua hata Ishango, pale mto Semliki unapotoka katika ziwa Edward. Huko ni kwetu, ndani ya hifadhi ya Virunga. Kenge alikuwa hajapata kuona mahali pasipo miti. Nyati walikuwa mbali sana bondeni, naye akauliza wale ni wadudu gani. Jicho lililokuzwa msituni halikuzoea umbali. Aliona pia milima ya Ruwenzori na theluji yake. Baada ya kuyaona hayo alisema kwamba Padri Longo alisema kweli: Mungu huyo na yule wa msituni lazima awe mmoja.

Padri Bernardo Longo, Mwitalia wa shirika la Moyo Mtakatifu wa Yesu, alikuwa misioni ya Nduye akiwahudumia Wambuti. Aliuawa na waasi Mambasa tarehe 3 Novemba 1964.

Nawaza juu ya jicho hilo la Kenge kila nionapo michoro ya akina mama. Haina mbingu juu na nchi chini, haina mlima kwa mbali, kwa kuwa mchoraji hasimami nje ya kitu anachokichora. Mwambie mwanafunzi wa Butembo achore mti: mara nyingi atakuchorea mnazi, ambao hajauona ila kitabuni, na mikaratusi imejaa dirishani pake.

Sasa nguo hizi zimekuwa haba. Mitini hukatwa pamoja na miti mingine kwa ajili ya mbao na mashamba ya kakao. Na tangu Oktoba 2014 wauaji wameizunguka nchi ya Beni. Wambuti wengi wamekimbia msitu na kukaa kandokando ya barabara na miji, mahali pasipo gome wala gardenia. Sheria ya tarehe 15 Julai 2022 inalinda haki za Wapigme katika Kongo yetu, lakini sheria haiwezi kumrudishia mama mti wake wakati njia ya kuufikia ina bunduki.

Nguo nyingi za zamani ziko Ulaya na Marekani, katika nyumba za makumbusho. Mara nyingi karatasi iliyo karibu nayo hutaja Ituri, hutaja Wambuti, lakini jina la mama aliyeichora halimo. Mtaguso wa pili wa Vatikano, mwaka 1963, ulisema Kanisa halikujichagulia namna moja ya sanaa kuwa yake peke yake. Basi mwalimu wa Oicha au Mbau anaweza kumwita mama mmoja wa Kimbuti darasani, amkalishe mbele ya watoto, ampe nafasi achore. Asimsumbue kwa kumwuliza maana ya kila mstari. Amwulize jina lake, aliandike pembeni mwa nguo, kwa herufi zinazosomeka.