Maji yakiingia kwenye spika ya simu: ya kufanya na ya kuepuka

Simu iliyotumbukia majini yaweza kupona, lakini pupa ya mwenyewe katika saa chache zinazofuata yaweza kuimaliza kabisa. Makala haya yanaeleza namna ya kuyatoa maji yaliyonasa katika spika za simu na za masikioni bila ya kuzidisha madhara.

Kwa wasikilizaji wengi, hasa walio mbali na nyumbani, simu ya mkononi si chombo cha salamu tu. Ndiyo inayopokea namba za siri za benki na ndiyo inayotuma fedha kwa wazazi. Aghalabu humo ndimo zilimo picha na sauti za jamaa ambazo hazikuhifadhiwa popote pengine. Ndiyo maana inapoanguka ndani ya ndoo au baharini, mwenyewe hutaka kujua papo hapo kama ingali nzima. Na hapo ndipo makosa yanapoanza.

Kwa nini sauti hufifia

Ndani ya spika mna kiwambo chembamba kinachotetema na kuisukuma hewa, nayo hewa hiyo hutokea nje kupitia wavu wenye matundu madogo mno. Tone la maji likiingia katika tundu dogo hung'ang'ania kuta zake na kutanda mlangoni mithili ya ngozi. Kiwambo hutetema kwa shida, na sauti hutoka nzito au yenye mikwaruzo. Hali hiyo haimaanishi kwamba spika imekufa. Mara nyingi sauti hurejea maji yakishakauka.

Hatua za mwanzo

Simu itolewe majini haraka na izimwe. Kama ilikuwa kwenye chaja, umeme uzimwe kwanza ukutani kabla ya mtu kuigusa. Kasha liondolewe, na ikiwa ni simu ambayo betri yake hutoka, itolewe pia. Kisha ifutwe kwa kitambaa laini kisichoacha nyuzi.

Baada ya hapo simu ielekezwe chini upande wa spika na tundu la chaja, na igongwe taratibu kwenye kiganja cha mkono ili maji yashuke. Kuitikisa kwa nguvu hakufai, kwani maji yanaweza kusambaa ndani. Iachwe mahali pakavu penye hewa inayopita, kwa mfano mbele ya feni isiyotoa joto.

Mwongozo wa kampuni ya Apple kwa simu zake zinazohimili maji unasema isubiriwe angalau nusu saa kabla ya kujaribu chaja, na kwamba kukauka kabisa kunaweza kuchukua hadi saa 24. Umeme ukipita katika tundu lenye unyevu, vyuma vyake huanza kuliwa na kutu. Onyo la maji likitokea tena kwenye kioo, kusubiri kuendelee.

Sauti ya kusukuma maji

Mwaka 2016 saa ya Apple Watch Series 2 ilikuja na mbinu ya kuyatoa maji kwa mlio wa spika yake yenyewe. Programu kadhaa za simu huiga mbinu hiyo, na nyingi hutumia mlio mzito wa takriban hertz 165. Mlio mzito hukipeleka kiwambo mbele na nyuma kwa umbali mkubwa zaidi kuliko mlio mwembamba, na matone hurushwa nje.

Mbinu hii hutumika tu kwa simu ambayo bado inafanya kazi na ambayo nje imekwisha kufutwa. Spika ielekezwe chini, mlio upigwe kwa sekunde chache, wavu ufutwe, kisha irudiwe mara mbili au tatu. Hata hivyo, mlio huo huondoa maji yaliyo mlangoni mwa spika tu. Hauyafikii yaliyopenya hadi kwenye saketi.

Mchele, joto na sindano

Desturi ya kuizika simu katika mchele imeenea pande nyingi za dunia. Mapema mwaka 2024 vyombo vya habari viliripoti mwongozo wa Apple unaoikataza, kwa sababu chembe ndogo za mchele zinaweza kuidhuru simu.

Kikaushio cha nywele nacho hakifai. Joto hudhoofisha gundi zinazozuia maji, na huiharibu betri. Apple huonya kwamba simu zake zisiwekwe mahali penye joto linalozidi nyuzi 45, na ndani ya gari lililoegeshwa juani Muscat au Dubai joto hupita hapo kwa wepesi. Hewa ya kompresa huyasukuma maji ndani zaidi, nazo sindano na vijiti vya pamba hutoboa wavu au kuacha nyuzi.

Maji ya bahari

Alama ya IP67 maana yake ni kwamba simu ilijaribiwa katika kina cha mita 1 kwa dakika 30. IP68 huzidi hapo, kwa kina anachokitaja mtengenezaji. Majaribio hayo hufanywa kwa maji yasiyo na chumvi, na kinga hiyo hupungua simu inavyochakaa. Chumvi huharakisha kutu, kwa hiyo simu yenye alama hizo ikiingia baharini isuuzwe kwa maji safi kabla ya kukaushwa. Isiyo nazo isisuuzwe, bali ipelekwe kwa fundi mapema.

Spika za masikioni

Hizi zifutwe, zielekezwe chini upande wa wavu na ziachwe zikauke. Zisirudishwe katika kijisanduku chake cha kuchajia zikiwa mbichi. Mlio wa kutoa maji usipigwe kamwe zikiwa masikioni.

Ikipita siku moja au mbili na sauti bado ina mikwaruzo, au simu inapata joto bila sababu, izimwe na ipelekwe kwa fundi. Wakati wa kungoja, laini inaweza kutolewa, ikafutwa na kuwekwa katika simu nyingine, ili fedha na ujumbe wa nyumbani visikwame.