Jiko la gesi ya kuni: tulichague vipi, tuliwashe vipi?



Katika mikutano yetu akina mama wanatuuliza: haya majiko ya chuma ambayo watu wanasema yanachoma moshi, yanafaa kweli ama ni kutupa pesa? Swali ni la haki. Kuni sasa zinatafutwa mbali, na njia ya kuni si salama kila siku. Pesa ya koperative ikiishia kwa jiko baya, hairudi.

Linafanya kazi namna gani?
Kuni ikipata moto inatoa moshi, na ule moshi ndani yake mna gesi inayoweza kuwaka. Kwenye mafiga, sehemu yake inapotea hewani na machoni mwa mpishi. Jiko la gesi lina matundu ya namna mbili. Ya chini yanaipa kuni hewa kidogo ili itoe gesi. Ya juu yanaleta hewa ingine, gesi iwake chini ya sufuria. Huko Ulaya kwenye baridi, watu wanapasha nyumba nzima kwa mashine kubwa za namna hiyo.

Kuchagua
- Muangalie kama matundu ya juu yapo kweli. Bila hayo, hilo si jiko la gesi.
- Chuma cha ndani ndicho kinachoungua kwanza. Mumuulize fundi kama kinaweza kubadilishwa peke yake.
- Sufuria yenu kubwa ikae juu bila kuyumba.
- Jiko liwashwe mbele yenu, kwa kuni zenu, kabla ya kulipa.

Kwa pipa la kuchemshia ngazi za mawese, jiko hili dogo halifai: linajazwa mara moja, na kuni zikiisha katikati ya kazi ni shida kuongeza. Kwa pipa, mujenge jiko la matofali na udongo lenye mlango wa kuni na bomba la moshi.

Kuni kavu kwanza
Kuni mbichi inaweza kuwa nusu maji. Mzigo wa kilo 20 unaweza kubeba karibu lita 10: ndoo nzima munayoichemsha bure kabla ya chakula! Mupasue kuni wakati wa kiangazi, muzipange juu ya mawe, chini ya paa, upepo upite. Ukigonga vipande viwili vikalia kwa sauti kali, vimekauka. Magunzi ya mahindi na maganda magumu ya kokwa za ngazi yanafaa pia, yakiwa makavu. Pumba za mbao zinaziba hewa.

Kuwasha
1. Mukate vipande vifupi, vinavyolingana. Mujaze jiko, lakini musifunike matundu ya juu.
2. Muwashe juu, si chini. Moto utashuka wenyewe polepole.
3. Moto ukizimika na moshi mzito ukatoka, gesi ingali inatoka. Musiiname juu yake; muwashe tena haraka kutoka pembeni.
4. Miali ikiisha, yanabaki makala. Muyamwage kwenye chungu cha chuma chenye kifuniko, yazimike bila maji. Kesho yataingia kwenye mbabula.

Hatari
Makala yanayowaka yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, inayoua watu usingizini. Jiko lisilale ndani ya nyumba iliyofungwa, hata usiku wa mvua na baridi. Watoto wakae mbali: chuma cha nje kinachoma.

Tunashauri
Koperative isinunue majiko ishirini siku moja. Ianze na moja. Familia moja ipime kuni za wiki moja kwenye mafiga, kisha za wiki moja kwenye jiko jipya, chakula kikiwa kilekile. Mlete hesabu kwenye mkutano, na mama aliyepika aseme wa kwanza. Yeye ndiye anayejua kama moshi umepungua.